Siku Moja Maishani Mwangu: Mwandika Lebo za Kadi za Besiboli

Saa 1 asubuhi, kusini mwa California. Nanawa mikono, naikausha vizuri. Losheni ni marufuku. Kampuni yetu hupima hali ya kadi za zamani zenye picha za wachezaji wa besiboli. Mimi sitoi alama za 1 hadi 10 ambazo watu hugombania. Mimi ni wa lebo, kikaratasi kilicho juu ya kasha la plastiki kinachotaja mwaka, seti na mchezaji.

Saa 2. Trei ya T206, seti ya kadi zilizowekwa kwenye pakiti za sigara kati ya 1909 na 1911. Kila moja naigeuza. Nyuma kuna tangazo la sigara: Piedmont na Sweet Caporal ni tele, nyingine ni adimu mno. Lebo nyingi za zamani hazikutaja tangazo hilo, na mimi naona ule ulikuwa uzembe, maana sura ileile ya mchezaji Ty Cobb hubadilika bei kabisa kwa kilicho mgongoni.

Saa 4. Cracker Jack, kadi za kwenye maboksi ya bisi za karameli. Ni ya 1914 au 1915? Mbele huwezi kujua, zote nyekundu. Ukiigeuza ya 1915 kwa ubavu, maandishi ya nyuma yanakuwa kichwa chini. Seti nayo ilipanda kutoka kadi 144 hadi 176. Tena mwaka 1915 uliweza kuagiza seti nzima kwa posta, ndiyo maana hizo ni safi zaidi. Hii ya leo ina doa la karameli. Nasisimka, lakini doa si ushahidi. Naigeuza. Ni ya 1914.

Saa 6, wali na maharage.

Saa 8. Kadi imerudi kutoka kwa wapima: kingo zimekatwa ili ionekane safi. Lebo itasema ni halisi tu, bila alama. Hata kadi maarufu kuliko zote, ya mchezaji Honus Wagner, ilipewa alama 8 mwaka 1991. Mwaka 2013 mfanyabiashara Bill Mastro akakiri mahakamani kwamba aliikata.

Saa 10. Kijana mgeni kazini ananiletea lebo ya mchezaji Sherry Magee, amenyoosha tahajia vizuri sana. Namwonyesha kadi: imechapwa “Magie”. Mtambo ulikosea, baadaye wakarekebisha, na zile chache zenye kosa ndizo ghali.

“Kwa hiyo niandike kosa?”

“Liandike, herufi kwa herufi.”