Rafadha iliponaswa kwenye mfereji wa Grand Union

Julai, jua linawaka, tumetoka kijiji cha Braunston, Uingereza, kwa boti kuelekea London. Ghafla boti ikawa nzito: injini inanguruma, moshi mweusi unatoka, usukani unatetemeka, mwendo hakuna. (Hata ikiwa nzima haikimbii, kikomo mferejini ni kama kilomita 6 kwa saa.)

Nikatia rivasi kidogo, maana mara nyingine takataka zilizonasa kwenye rafadha (panga linaloisukuma boti majini) hujifungua zenyewe. Wapi! Tukafunga boti ukingoni, nikazima injini na kutia ufunguo mfukoni, asije mtu akaiwasha mkono wangu ukiwa chini.

Nyuma, juu ya rafadha, kuna kisanduku chenye mfuniko wa chuma. Kingo zake ziko juu ya usawa wa maji, kwa hiyo ukikifungua boti haijai. Nikazamisha mkono nikipapasa: mfuko wa plastiki, kamba ya nailoni, kipande cha zulia. Kisu cha mkate ndicho kilichofaa, kwa meno yake.

Mfuniko ulihitaji uangalifu zaidi: raba ikae sawa, skrubu ikazwe kabisa. Ukilegea, rafadha husukuma maji chumba cha injini, na boti huzama kweli. Nikawasha, nikatia gia, nikachungulia pembeni: pakavu. Tukaendelea hadi Buckby.