Saa 72 za Kwenda Nairobi na Kurudi Busia

Mwaka 2021 nilikuwa mwalimu asiye na darasa. Shule zilifungwa tena Juni kwa sababu ya korona, na mimi wa shule binafsi hapa Busia, upande wa Uganda, nikabaki kuuza nyanya na kukimbia. Kukimbia kwenyewe kulikuwa kwa saa za serikali: kafyu ilianza saa moja usiku na kuisha saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwaka uliotangulia Rais Museveni alipiga marufuku mazoezi ya barabarani, kisha akaonekana kwenye video akipiga pushapu ofisini kwake. Nilijaribu mazoezi ya ndani. Chumba changu kina hatua tano.

Nilikuwa nimeazimia kukimbia kilomita 42 za Nairobi Marathon, Jumapili ya Oktoba 31. Ila zile siku 42 za kufungiwa, Juni na Julai, zilinivunja miguu. Nikashuka hadi 21. Shangazi yangu wa Kibera alinilipia ada kwa simu yake na kuchukua namba na fulana kwa niaba yangu, kwa hiyo hata mpaka ukifungwa ningepoteza hiyo ada tu. Tiketi ya basi sikuigusa hadi siku ya safari.

Kilichoniumiza kichwa ni cheti cha PCR, yaani cha kipimo cha kuonyesha huna korona. Kenya walikubali cha saa 96, Uganda walitaka kisichozidi saa 72 kurudi, na saa zilihesabiwa tangu ulipotolewa sampuli, si ulipopata majibu. Nilikuwa nimechanjwa mapema kwa sababu walimu tulipewa kipaumbele, lakini mpakani kadi ya chanjo peke yake haikutosha. Na bei ya vipimo viwili ingemaliza nyanya zangu zote. Basi nikahesabu kinyumenyume, kuanzia kurudi: nikivuka Jumatatu asubuhi, sampuli itolewe Ijumaa saa nne. Cheti kingeisha Jumatatu saa nne kamili.

Hesabu hiyo ilihitaji kusafiri usiku, na Kenya nako kulikuwa na kafyu ya saa nne usiku. Niliwaza kulala Kisumu njiani, gharama juu ya gharama. Oktoba 20, sikukuu ya Mashujaa, Rais Kenyatta akaiondoa. Nilipiga kelele hadi jirani akaja kuuliza nani amekufa.

Majibu yaliahidiwa Jumamosi saa nne asubuhi. Saa sita, kimya. Saa nane nikaenda maabara mwenyewe, nikaambiwa, "Mwalimu, ngoja kidogo." Yalitoka saa kumi jioni. Nilikuwa na saa tatu tu kabla ya kafyu yetu, lakini upande wa pili wa geti usiku ulikuwa huru. Nikavuka kwa miguu, nikapata basi la saa kumi na mbili, nikafika Nairobi alfajiri shingo imepinda. Shangazi alikuwa ananisubiri stendi na namba yangu, chai ya chupa na mandazi mawili.

"Mwanangu, umelala kweli?"

"Nimelala, shangazi." Uongo mtupu.

Mbio zenyewe zilipita haraka kuliko foleni ya maabara. Tulikimbia Southern Bypass, karibu na Uhuru Gardens, na vilima vyake havina huruma kwa mtu aliyetoka tambarare ya Busia. Saa mbili na dakika kumi na tisa. Nilitembea mara mbili, sioni aibu.

Usiku huohuo nikarudi. Tairi ikapasuka baada ya Kisumu, nami nikawa natazama saa kuliko barabara. Afisa wa afya alichukua cheti saa mbili na dakika arobaini asubuhi, akahesabu kwa vidole, akarudia tena.

"Umebakiza saa moja na dakika ishirini," akasema. Kisha akanitazama nikiondoka kwa mwendo wa bata. "Na hiyo miguu, mwalimu? Umepigwa?"