Kuifikia indie kwa kuchelewa: nilianza na lebo, bendi zikafuata

Ukichelewa kuingia kwenye muziki wa indie (kifupi cha independent, yaani huru) unakuta rundo la miaka zaidi ya 40 linakusubiri. Mimi nilitaka ile inayoinua moyo tu, na bado rundo lilikuwa kubwa. Lililonifaa ni kuacha kurukia bendi hii na ile, nikaanza kufuata lebo, yaani kampuni zinazotoa rekodi.

Indie lilikuwa suala la biashara kabla halijawa mtindo. Chati ya indie ya Uingereza, iliyoanza Januari 1980, ilihesabu rekodi zilizosambazwa nje ya mikono ya kampuni kubwa, mlio wowote ziwe nao. Lebo ndogo huwa ni watu wawili watatu, na masikio yao ndiyo chujio. Ukizipenda rekodi tatu za lebo moja, ya nne ina nafasi nzuri ya kukupata.

Nilichagua nne: Postcard ya Glasgow (1979), Flying Nun ya New Zealand (1981), Sarah ya Bristol (1987) na Merge ya North Carolina (1989). Sarah ndiyo rahisi kuifuata, maana namba zake kuu za katalogi zinakwenda 1 hadi 100 na wenyewe wakaifunga mwaka 1995. Ila usishangae kukuta baadhi ya namba ni vijarida, si rekodi. Tena ina majonzi mengi. Anayetafuta uchangamfu aanze na Flying Nun, hasa bendi kama The Clean ya mji wa Dunedin na The Bats ya Christchurch: gitaa linalolia kama kengele, ngoma nyepesi, sauti isiyojikaza. Baadhi ya rekodi zao za mwanzo zilinaswa kwa mashine yenye njia nne tu za sauti, na besi ni hafifu. Usikimbilie kuiongeza kwenye spika, itavuruga kila kitu. Punguza kidogo sauti za juu, kisha yaache masikio yazoee.

Kazi yenyewe iko kwenye daftari. Nilichora safu tano: lebo, namba, mwaka, mtayarishaji, na ya tano ndiyo muhimu, dakika na sekunde ambapo wimbo umeninyanyua. Nikirudi pale ninajiuliza: nini kimebadilika? Mara nyingi jibu ni kwamba kuna kitu kimeingia baada ya kunyimwa. Ngoma imenyamaza kwa mizunguko minne kisha ikarudi na besi. Mwimbaji mmoja amekuwa watu wanane kwenye kiitikio. Tarumbeta au makofi yameingia mahali palipokuwa na gitaa peke yake. Au wimbo ulio kwenye meja (ngazi ya sauti changamfu) umepitia kodi, yaani noti zinazopigwa pamoja, moja ya maina (ngazi ya huzuni) kabla ya kurudi nyumbani, na huko kurudi ndiko kunakoleta raha.

Kasi nayo nilihesabu: mapigo ya sekunde 15, zidisha kwa 4. Nilidhani jibu lingekuwa mwendo wa haraka. Sivyo. Nyimbo za mapigo 90 zimo daftarini sawa na za 150.

Na huzuni imo ndani zaidi ya nilivyotarajia. The Polyphonic Spree, kundi la Dallas lenye kwaya na kanzu, liliundwa mwaka 2000 baada ya bendi ya awali ya mwanzilishi wake kufiwa na mpiga gitaa. Arcade Fire waliipa albamu yao ya kwanza, iliyotoka Merge mwaka 2004, jina lenye maana ya mazishi, kwa kuwa walifiwa na jamaa wakati huo. Hizo ni kati ya rekodi zenye vibwagizo vya kuimbwa kwa sauti ya juu kabisa. Siku hizi naona wimbo wa furaha tupu huchosha mapema. Ule uliotoka gizani hauishi hamu.

Makosa mawili yalinipotezea muda. La kwanza, kusikiliza albamu 12 kwa wiki: hakuna hata moja iliyobaki kichwani. Nikashuka hadi 2, kila moja mara 3, mwanzo hadi mwisho, bila kuchanganya mpangilio. La pili ni sauti. Rekodi za miaka ya 2000 zimekandamizwa zikawa na kelele kuliko za 1980, na sikio hudhani chenye sauti kubwa ndicho kichangamfu. Washa kipengele cha kusawazisha sauti kwenye programu yako, au rekebisha kwa mkono kabla ya kulinganisha.

Kwa bendi za sasa natumia Bandcamp, tovuti ambako wasanii huuza muziki wao. Chini ya jalada la albamu kuna picha ndogo za walioinunua. Bofya mmoja, utaona mkusanyiko wake wote. Tafuta mtu mliyelingana albamu tatu au zaidi, kisha sikiliza alizonazo ambazo wewe huna. Hiyo imenipa bendi nzuri kuliko mapendekezo ya mashine, kwa sababu mtu ametoa hela yake.

Ukinunua, pakua FLAC (faili kubwa lisilopunguza ubora) kwa ajili ya kuhifadhi na MP3 ya kbps 320 (faili dogo zaidi) kwa ajili ya simu. Hiyo ya pili hula takribani MB 2.4 kwa dakika, kwa hiyo albamu ya dakika 40 ni karibu MB 96. Badilisha majina ya mafaili yaanze na lebo na namba ya katalogi, ili orodha ya mafaili kwenye simu ifuate utaratibu uleule wa daftari.