Hal, hul, kala

Mimi ni mtoto wa Ujiji. Nilipofika Debrecen, Hungaria, kusoma, neno la kwanza la Kihungaria lililonikaa kichwani lilikuwa hal: samaki. Mtu wa ziwani hakosi kuliuliza.

Mwaka uliofuata mwalimu wetu aliandika ubaoni kala, hal, hul. Kifini, Kihungaria, Kimansi. Yote ni samaki. Kimansi sikuwahi hata kukisikia. Akatuonyesha ramani: Siberia ya magharibi, ng'ambo ya milima ya Ural, kwenye mto Ob na vijito vyake. Wataalamu wengi wanasema huko, kwa Wamansi na jirani zao Wakhanty, ndiko waliko ndugu wa karibu zaidi wa Kihungaria.

Kilichonishika ni herufi moja. Tatu kwa Kifini ni kolme, kwa Kihungaria három, kwa Kimansi hurum. K ya lugha mama yao ya kale imegeuka h kwa hao wawili, kama ilivyogeuka kwenye samaki. Lakini mkono ni käsi, kéz, kat, na k imebaki, maana irabu iliyoifuata zamani hizo ilitamkwa mbele mdomoni. Maneno ya kuazima hayana nidhamu ya namna hiyo; huo ni undugu. Nikakumbuka tatu yetu, ssatu ya Waganda na ithatu ya Wakikuyu.

Halafu Kimansi kina hesabu ya wawili. Kol ni nyumba, kolyg nyumba mbili, kolyt nyumba tatu na kuendelea. Kifini na Kihungaria vimeipoteza. Naipenda mno hiyo kolyg.

Mtaalamu Mhungaria, Antal Reguly, alikwenda kwa Wamansi miaka ya 1840 akaandika nyimbo zao, akafariki 1858 bila kuzifasiri zote. Nyingi hazikueleweka. Ikabidi Mhungaria mwenzake, Bernát Munkácsi, asafiri mwaka 1888 kuwatafuta Wamansi wenyewe wamweleze maana yake. Wakati huo walikuwepo wa kuulizwa. Sensa ya Urusi ya 2010 ilihesabu Wamansi zaidi ya 12,000, na waliosema wanakijua Kimansi ni 938. Lahaja ya kusini, ya mto Tavda, imekufa kabisa. Inaniuma, kwa sababu najua bibi yangu alikuwa na maneno ya Kiha ambayo mimi sikuyachukua.

Lipo gazeti lao, Luima Seripos, linatoka tangu 1989. Nalifungua kwenye simu, natafuta kwa herufi za Kirusi: vit, maji. Kol. Hul.