Obama alivyobwagwa mwaka 2000
Tangu nihamie Chicago, wazee wa South Side wamenisimulia mambo ya Barack Obama ambayo sikuyasikia nikiwa Kisumu, hasa lile la mwaka 2000, alipokuwa seneta wa jimbo la Illinois akathubutu kumkabili mbunge Bobby Rush katika mchujo wa chama cha Democratic, akabwagwa kwa takriban kura mbili kwa moja. Kinyozi wangu, aliyempigia Rush kura, huzima mashine kila akifika hapo, akisisitiza kwamba kijana yule alijiona msomi mno. Nionavyo, kipigo hicho kilimfaa: alirudi Springfield, mji mkuu wa Illinois, akasukuma sheria ya kurekodi kwa video mahojiano ya polisi na washukiwa wa mauaji, na mwaka 2004 akachaguliwa seneta wa Marekani kwa asilimia 70 ya kura.