Binti wa Sita

Juzi tukielekea El Paso, hapa Texas, tulipoipita Monahans, kitinda mimba wangu alibandika uso kwenye kioo cha gari akitazama pampu za mafuta zikiinama na kuinuka huko nyikani. Akaniuliza, "Mama, mafuta yale ni ya nani?" Nikamwambia ni ya kampuni. Hakuridhika. "Na kampuni iliyapata kwa nani?"

Baba yake akanitazama tu. Anajua kwamba swali hilo liliwahi kunilipa mshahara.

Kwetu Kenya jibu ni fupi. Ibara ya 62 ya Katiba ya 2010 inasema madini yote na mafuta ni ardhi ya umma, na serikali ya kitaifa inayashikilia kwa niaba ya wananchi. Shamba la babu kule Mwatate linaweza kuwa limelalia vito vya kijani vinavyotafutwa na dunia nzima, na mwenye hati akabaki na mahindi yake na udongo wa juu. Texas mambo ni kinyume. Huku mwenye ardhi anaweza kumiliki hadi kilicho chini kabisa, tena anaweza kuigawa mafungu mawili: akauza ya juu, akabaki na ya chini. Yakishatengana, kila fungu linauzwa na kurithiwa kivyake, kizazi baada ya kizazi. Utakuta mfugaji ambaye ng'ombe wake wanalisha juu ya utajiri asiomiliki hata tone, na mwenye utajiri huo ni mwalimu mstaafu wa jimbo la mbali ambaye hajui kwamba anao.

Kazi yangu ilikuwa kumtafuta mwalimu huyo kwa niaba ya kampuni ya mafuta.

Nazungumzia mwaka 2014, pipa la mafuta likiuzwa zaidi ya dola 100, kaunti ya Reeves, mjini Pecos. Asubuhi tulipanga foleni nje ya afisi ya karani wa kaunti, wapekuzi wa kila kampuni, kila mtu na kikombe cha kahawa mkononi, kwa sababu meza zilikuwa chache kuliko watu. Majalada yenyewe ni mazito, yamelazwa kwenye rafu za chuma zenye roli ili uweze kuyavuta bila kuumia mgongo. Na faharasa ya karani haipangwi kwa viwanja. Imepangwa kwa majina ya watu: upande mmoja wauzaji, upande mwingine wanunuzi. Kwa hiyo unaanza na jina la aliyepewa ardhi mara ya kwanza, unatafuta alimwuzia nani, kisha huyo naye alimwuzia nani, unashuka nao mmoja mmoja hadi leo. Mnyororo ukikatika mahali, fedha haziendi popote.

Seksheni niliyopewa ilikuwa ya kawaida: maili moja ya mraba, ekari 640, katika vitalu vilivyopimwa enzi za reli ya Texas and Pacific. Mwaka 1938 mjane mmoja aliyeirithi kwa baba yake aliuza ardhi ya juu na kujibakizia nusu ya mafuta, gesi na madini mengine. Watu wa upande huo walikuwa wameshaerevuka. Kisima cha Santa Rita kilikuwa kimetoa mafuta kaunti ya Reagan tangu Mei 1923, na tangu hapo hata mtu aliyeuza nyika tupu alijua umuhimu wa kuongeza sentensi moja mwishoni mwa hati. Sentensi ya yule mama ilikuwa na thamani ya ekari 320.

Alifariki bila wosia. Kwenye kumbukumbu kulikuwa na kiapo cha warithi, cha miaka ya sabini, kimetiwa sahihi na majirani wawili wasio na maslahi katika mali hiyo, kama desturi inavyotaka. Kilitaja watoto watano. Hesabu ikawa nyepesi: ekari 64 kila mmoja. Msimamizi wetu alikifurahia kiapo kile, maana kikishakaa kwenye kumbukumbu miaka 5, mahakama hukichukulia kuwa ushahidi mpaka atokee wa kukipinga. Kilichobaki ni kuwatafuta wajukuu, kuwatumia mikataba, na kuhamia seksheni nyingine.

Lakini mimi nilikuwa bado sijamaliza kusoma jina la yule mama upande wa wauzaji.

Chini kabisa ya ukurasa wa faharasa kulikuwa na mstari mmoja wa mwaka 1947. Kiwanja cha mjini, si seksheni yetu. Mtu mwenye haraka anauruka, na sote tulikuwa na haraka, tulilipwa kwa siku na simu zilipigwa kila jioni kuuliza tumefika wapi. Nikalivuta jalada. Nakala za miaka hiyo zilipigwa picha kwa namna iliyogeuza rangi, karatasi nyeusi na maandishi meupe, kwa hiyo unasoma huku macho yakiuma. Nilisogeza kidole mstari kwa mstari. Hati nyingi huku husema bei ni dola 10 na malipo mengine, maneno ya kawaida ya kuficha bei halisi. Hii haikutaja dola. Ilisema kwamba mtoaji anatoa kiwanja hiki kwa sababu ya upendo na huba aliyonayo kwa binti yake.

Halafu jina la binti.

Nikalisoma tena. Nikachukua kiapo nikakiweka kando ya jalada, nikapitisha kidole kwenye majina yale matano. Wavulana watatu, wasichana wawili. Huyu hakuwemo. Nikasema labda ni mmoja wao kwa jina la ndoa, basi nikaenda kwenye rejista ya ndoa, ambayo karani huyo huyo anaitunza, ukuta wa pili. Nikampata. Alifunga ndoa miaka michache kabla ya kupewa kiwanja, na mume wake alikuwa na jina la Kihispania. Wale wasichana wawili nao niliwapata, kila mmoja na mume wake. Huyu alikuwa wa sita.

Nilikaa pale na vidole vyangu juu ya karatasi nyeusi, watu wakinipitia nyuma kuchukua majalada yao. Nilikuwa nikimfikiria mama yangu.

Mnaotoka kwetu mnaijua barua ya chifu. Mzee akifariki, familia inakwenda kwa chifu, chifu anaandika majina ya warithi, na barua hiyo ndiyo inayofungua kesi ya mirathi mahakamani. Babu alipofariki wajomba walikwenda kwa chifu. Barua ikarudi na majina ya wanaume peke yao. Sheria ya Urithi ilikuwa imeshaanza kutumika tangu 1981 na haibagui mtoto wa kike, lakini sheria husomwa mahakamani na majina huandikwa kijijini. Mama hakupinga. Alisema hawezi kushitaki ndugu aliowabeba mgongoni.

Usiku ule nilimpigia simu, Mwatate kumeshakucha. Nikamsimulia yote. Alisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza, "Huyo mama aliandika 'binti yangu' kwa hiari yake? Hakuna aliyemlazimisha?"

"Kwa hiari yake, mama. Mbele ya wakili wa viapo."

"Basi alikuwa anawajua watoto wake," akasema.

Sikuweza kumjibu. Nimeona hati nyingi tangu siku ile, na bado sijaona aliyeieleza ile hati ya 1947 vizuri kuliko yeye, ambaye hajawahi kukanyaga Texas. Mwanamke anayetaka tu kumpa mtoto kiwanja angeweza kumkabidhi ufunguo. Huyu alitaka iandikwe, isajiliwe, iwekewe nambari, ikae mahali ambapo ndugu za binti hawawezi kuichana.

Yaliyofuata yalikwenda haraka. Niliandika kwenye ripoti kwamba warithi ni sita, si watano, kila fungu ni ekari 53 na ushei, nikataja juzuu na ukurasa. Msimamizi alisema kiapo kimekaa miaka mingi, tusiharibu hesabu iliyokamilika. Nikamwambia kiapo hakimnyimi haki mrithi aliyeachwa nje, sheria ya Texas yenyewe inasema hivyo. Tulibishana. Mwishowe alikubali maandishi yangu yabaki ndani ya ripoti, kama jambo la kushughulikiwa kabla ya malipo. Nilimfuatilia binti kwenye kumbukumbu mpaka alipouza kile kiwanja na kuhama kaunti, nikaanza kutafuta alikohamia. Kisha bei ikaanguka. Kufikia Januari 2015 pipa lilikuwa chini ya dola 50, na sisi wapekuzi tulikuwa wa kwanza kuambiwa turudi nyumbani. Ripoti ilibaki kwao.

Mgawo wa mwenye mafuta asiyepatikana hushikiliwa na kampuni, na baada ya muda, miaka 3 kwa mrabaha wa mafuta, hukabidhiwa jimbo litunze hadi mwenyewe au warithi wake waje. Orodha ya majina iko wazi kwa yeyote, bure, kwenye intaneti. Mara moja moja nikiwa macho usiku huwa naandika jina lake pale, kisha jina la mumewe, kisha yote mawili pamoja. Hayapo. Hilo laweza kuwa na maana kwamba watoto wake walipatikana na wanalipwa, au kwamba hesabu ilirudishwa kuwa ya watu watano.