Kule

Tangu Jumapili nimeanza kuandika hapa mara tatu nikafuta. Leo naandika hivyohivyo, maana nimechoka kulala na neno moja.

Kundi letu la bweni, lile la kwenye simu la tuliosoma pamoja, mnalijua, tuko sita, na safari ya Kigoma mnaijua tangu nilivyoitangaza hapa kwa mbwembwe mwezi wa nne. Gari la Mhasibu linatoka Dar na Mama Pacha, na Dada wa Maskati akishatua, halafu mimi wananichukua hapa Msamvu, Morogoro. Kilichobaki ni njia. Hapo Msamvu barabara inagawanyika, moja inakwenda Dodoma, nyingine inakwenda Iringa, na mimi kila asubuhi nikisubiri daladala ya kazini naangalia mabasi yakichagua. Ya Dodoma ndiyo fupi kwetu: Singida, Tabora, mnavuka Malagarasi kwenye Daraja la Kikwete, mnashuka Uvinza, mmefika. Ya Iringa ni kuzunguka nchi. Mnapita katikati ya hifadhi ya Mikumi mkihesabu twiga, mnapanda mlima wa Kitonga, Makambako, Mbeya, Tunduma, halafu mnaikamata ya Sumbawanga hadi Mpanda, mnapita Katavi, pale Sitalike viboko wamelala mtoni kama mawe. Ni siku nne badala ya mbili. Mimi nataka hiyo ya siku nne, na sababu nimewahi kuiandika hapa: Sumbawanga ndiko nilikoanzia darasa la kwanza, Baba alipokuwa kazini huko, na sijarudi tangu tulipohama.

Sasa Jumapili, saa tatu na nusu usiku, nikaandika kwenye kundi: "Jamani, nimeongea na fundi. Anasema tairi za nyuma zibadilishwe kabla ya kupanda Kitonga."

Mhasibu akajibu papo hapo: "Kitonga tena? Si tulishamalizana kule kwamba tunapita Tabora?"

Nikauliza: "Kule wapi?"

Juu ya kioo ikaja "anaandika". Ikapotea. Ikaja tena. Ikapotea. Mama Pacha akatuma picha ya ndizi alizokaanga. Saa nne na dakika kumi na mbili Mhasibu akaandika: "Aa, namaanisha tulivyoongeaga kwenye simu. Usijali mwaya."

Basi, ni hayo tu. Lakini wiki nzima, Jumanne barua ya uhamisho imekuja, Alhamisi tumemzika mama mkubwa Kilosa, na kwenye gari la msiba mimi nimekaa dirishani nawaza "kule". Angesema "pale" ningetulia, kwa sababu pale ni mahali ambapo mimi na wewe tunapajua. Angesema "huku" angekuwa anamaanisha hapahapa kundini. Kule ni mbali na aliyepo hapa. Kule kuna watu wanakaa, wanaongea, wanamalizana, halafu wanarudi huku kwangu kuniangalia nikihangaika na tairi za Kitonga. Na hilo "tulishamalizana" nalo liliniuma, maana mtu anamalizana na mwenye deni au na mgomvi wake. Mimi nilikuwa yupi?

Mtu ukiwa na marafiki wa miaka kumi na tisa, ambao mmelala nao kitanda cha juu na cha chini, mkagawana sabuni kwa wembe, hutegemei kuwa na kule. Mwaka jana mzima hatukuonana hata mara moja. Tuliishi kwenye simu: Dada wa Maskati anatuamsha kwa salamu kwa sababu kwake saa imetangulia moja, wa Mwanza anatuma ziwa likiwa na ukungu, mimi natuma Uluguru. Huko ndiko nyumbani kwetu sasa. Kwa hiyo kusikia kwamba nyumba ina chumba ambacho sikuonyeshwa, kumeniliza, sitaficha.

Jana usiku nikaamua kupekua. Nilirudi juu kwenye kundi hadi mwezi wa saba nikitafuta siku waliyonitenga. Nilichokikuta kwanza ni maneno yangu mwenyewe, ya siku ile mama mkubwa alipolazwa: "Nyie pangeni tu, mtaniambia. Sina kichwa cha safari sasa hivi." Sikukumbuka kabisa kama niliyaandika.

Nikatoka kundini, nikafungua mazungumzo yangu na yule mwenzetu wa Kigoma peke yake. Kulikuwa na ujumbe wake wa sauti wa siku mbili baadaye, dakika mbili na sekunde kumi na nne, sijawahi kuufungua. Niliubonyeza nikiwa nimekaa chini sakafuni. Kuku wanalia nyuma, mtu anatwanga. Anaanza na pole ya mgonjwa, anauliza kama nakula. Halafu anasema: "Sikiliza, tumefungua kakundi kadogo ka hesabu za mafuta na chakula, tusikupigie kelele hospitalini. Nikuingize, au nikuache upumzike kwanza? Nijibu." Kabla hajamaliza, mama yake akadakia kwa mbali: "Huyo ni yule mtoto wa Sumbawanga? Mwambie mawese yake nimeyaweka pembeni. Na migebuka nitawakaushia, ila wanitajie siku."

Nikausikiliza mara nne. Mama huyo nilikaa kwake likizo moja tu, ya kidato cha tatu. Tulishuka naye Ujiji kununua dagaa, akanionyesha miembe, akanifundisha kula ugali wa muhogo kwa mawese. Likizo moja tu, na bado ananiita mtoto wa Sumbawanga.

Sasa sijui niseme nini kuhusu Mhasibu. Ile ya simu hakuwa mkweli, angesema tu "kule kwenye kakundi" na mimi ningekumbuka au ningekumbushwa. Labda aliogopa nitalia, na kweli nimelia. Niliulizwa na sikujibu, hilo nalikubali kwa moyo wote. Lakini njia ya Sumbawanga bado naitaka, na nitaiombea nikiwa ndani, siyo nikiwa mlangoni. Nimemrekodia mama wa Kigoma salamu, nimemtajia wiki ya pili ya Desemba. Kisha nimemwandikia Mhasibu maneno mawili: "Niingize kule." Tiki ni moja tu mpaka sasa, nadhani amelala.

Halafu ule mwembe wa hapa kwangu. Upepo wa juzi umeuinamisha, tawi kubwa limeegemea ukuta wa jirani, na maembe machanga yamejaa, yatazidi kuwa mazito. Mkata miti aliahidi kuja leo hajatokea, na sasa hivi nasikia radi upande wa mlimani. Mtoto wa jirani analala chumba cha upande ule.